Ungo wa Walio Mbali

Afisa Mrutu alivua viatu kabla ya kukanyaga jamvi, jambo ambalo Mbonea hakulitegemea kwa mtu wa halmashauri, kisha akachuchumaa mbele yake kama kijana aliyeitwa atumwe dukani.

"Pole sana, mzee wangu."

"Ulishanipa jana."

"Nakupa tena, mzee. Msiba wenyewe ni mkubwa."

"Haya, nimepokea. Sasa toa kilichokuleta."

Mrutu akatazama huku na huku. Chini ya turubai walikuwapo wanaume wachache, wengine wamejilaza chali baada ya kukesha, na upande wa jikoni wanawake walikuwa wanachambua maharage ya makande huku wakisimuliana vituko vya marehemu. Akashusha sauti. Akafungua simu yake, akamwonyesha Ramani.

Mbonea hakuwa msomi. Darasa la nne lilimtosha, na baada ya hapo ni shamba la tangawizi mpaka leo. Lakini Ramani aliijua, maana mkewe Nakijwa alimfundisha jioni baada ya jioni, simu imeegemezwa kwenye birika: kijani nenda, njano vumilia, nyekundu kaa kwanza unywe chai. Mistari ya kahawia ni miinuko. Ikisongamana ujue hapo ni ukuta, usipeleke mzigo. Kale kabasi ka bluu ni basi la sokoni, na linakuja kweli, ukiliona darajani anza kuvaa.

Katika simu ya Mrutu, barabara ya Mvungwe ilishuka kijani tupu kutoka zahanati ya juu, ikapita njia panda ya kanisani, na ilipofika usawa wa nyumba ya Mbonea ikawa nyekundu iliyokolea mpaka inataka kuwa nyeusi. Halafu kijani tena, mpaka mjini.

"Hapo pana nini?" Mbonea aliuliza.

"Hapo ndipo hapa, mzee. Ni huo ungo wako."

Wote wawili wakageuka kuutazama. Ulikuwa chini ya picha ya Nakijwa, ungo mpana wa kupepetea mahindi, umetandikwa kitenge chake, na juu ya kitenge zilijipanga simu. Mpya, kuukuu, zenye vioo vilivyopasuka, zote zikinyonya umeme kwa nyaya zilizosokotana kama mizizi. Watu wa milima hii walikuwa wametawanyika duniani, na anayeshindwa kuja kuzika anaomba ndugu amwekee simu kwenye ungo, laini ikiwa wazi, ili naye awe amekaa msibani. Anasikia nyimbo na maombi, anasikia hata masufuria yakigongana. Ya Eliwaza, binti pekee wa Mbonea, ilikuwa katikati; alikuwa melini, baharini huko kaskazini, hakuruhusiwa kushuka. Ungo huwekwa na mfiwa, na mfiwa peke yake ndiye anayeuinua, siku ya kuanua tanga. Kuuinua mapema ni sawa na kuwatimua watu msibani.

Na kwa kuwa nyumba zote za Mvungwe zimening'inia mteremkoni, pa kuweka turubai ni mahali pamoja tu: barabarani. Upande mmoja turubai, upande wa pili njia, na gari likipita linapita taratibu, watu wanakunja miguu. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, enzi za magari yenye usukani na dereva mwenye macho.

"Ramani haioni turubai," Mrutu alieleza kwa upole. "Haioni jamvi wala watu wanaolia. Inaona simu. Kila simu iliyoko barabarani, kwake ni gari. Sasa imeona magari mengi yamelala pamoja tangu juzi, hayaendi mbele wala nyuma. Inasema hiyo ni foleni iliyokufa. Basi kila gari linalotoka juu linafika njia panda, linapinda, linapandishwa mlima Kidundu."

"Na wewe unayejua kwamba si foleni, umeiambia?"

"Haina kitu kinachoitwa msiba, mzee. Tumeomba makao makuu waongeze. Bado wanajadili."

"Wanajadili." Mbonea alilitafuna neno hilo kama kokoto kwenye wali.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ungo uhamie nyuma ya nyumba, kwenye migomba, huko si barabarani. Hata sasa hivi. Mvua imeanza huko juu, na njia ya Kidundu unaijua."

Kuijua? Mbonea aliijua Kidundu kuliko huyo kijana alivyojua jina la mama yake. Wiki iliyopita alipandishwa humo, ndani ya lile gari jeupe la wagonjwa, Nakijwa amelala mapajani kwake anatafuta hewa kwa mdomo kama samaki. Gari halina dereva. Mahali pa usukani wakubwa waliweka kioo cha kuonyesha rangi, wakapiga picha, wakakata utepe. Lilipofika njia panda kioo kikaonyesha nyekundu huko chini, karibu na daraja la mjini, na sauti ya kike, laini, ikasema njia mbadala imepatikana. Mbonea alipiga kioo kwa ngumi. Aliiambia ile sauti kwamba mgonjwa wake hana muda huo. Ikamjibu: asante kwa uvumilivu wako. Nakijwa aliishia juu kabisa, mahali ambapo mistari ya kahawia imebanana.

Baadaye ndipo alipoambiwa ile nyekundu ya darajani ilikuwa ya nini. Hakukuwa na gari hata moja. Wananchi walikuwa wamepangwa barabarani kumsubiri mkubwa aliyekuja kuzindua tangi la maji, naye akachelewa, nao wakasimama pale na simu zao mikononi tayari kumpiga picha.

"Nitauhamisha," Mbonea alisema.

Mrutu akashusha pumzi. "Ahsante, mzee wa—"

"Subiri. Nitauhamisha bosi wako akija. Aje avue viatu kama wewe, akae hapa kwenye jamvi, aseme mbele ya hizi simu, binti yangu asikie: ile nyekundu ya darajani ilikuwa yetu sisi, na mama yako alikufa kwa ajili hiyo. Akishasema, nabeba ungo wangu kwa mikono yangu miwili."

"Mzee, hawezi kuja kusema hivyo."

"Mguu unamuuma?"

"Akisema atakuwa amekubali kosa."

"Si ndilo ninalolitaka, kijana?"

Mrutu akairudisha simu mfukoni. Alikuwa kijana mwembamba, shati limemganda mgongoni kwa jasho la kupanda kwa miguu, kwani gari lake nalo lilikuwa limekataa kufika. "Mzee Mbonea, mimi nakuomba kama mtoto wako. Akipita mgonjwa leo..."

"Akipita mgonjwa leo, mkamweleze bosi wenu. Siku ya mgonjwa wangu nani alihamisha nini?"

Afisa alivaa viatu vyake pole pole, akaaga. Hakugeuka nyuma.

*

Nambike alimfuata Mbonea na bakuli la uji. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, yeye ndiye aliyemwosha Nakijwa na kumvisha, na tangu hapo hakuwa ametoka jikoni mwa msiba ila kwenda kuchuma mboga.

"Baba Eliwaza, kunywa. Usinifanye nije kukulisha kwa kijiko mbele za watu, nitakuaibisha."

"Sina njaa, Mama Navoneiwa."

"Nani kakuuliza njaa? Nimesema kunywa. Nakijwa akiniuliza huko mbele nitamwambia nini, kwamba nilikuacha ukonde kama fito?" Akangoja mpaka alipoona amemeza. "Yule kijana wa halmashauri alikuwa anataka nini?"

Mbonea alitazama uji. "Katumwa kuleta pole."

"Pole!" Nambike akasonya. "Hawa wangekuletea pole ndani ya lile gari. Sasa hivi ya nini?"

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Ulimwambia vizuri." Akainama ungoni bila kugusa kitu, akaisogelea simu yake mwenyewe iliyokuwa pembeni. "Navo, mwanangu, upo? Usikae mno kwenye kigoda, lala ubavu. Wimbo wa mchana tutaimba ule alioupenda mama yako mkubwa, ukijisikia uimbe na sisi." Akainuka, akamcheka Mbonea kidogo. "Mwenye mimba hakanyagi msibani, lakini masikio hayana mimba. Anatusikia tangu juzi, huko kwake juu karibu na zahanati, halali huyu. Siku zake zenyewe zimefika."

Akaondoka na bakuli. Neno lilikuwa limemfika Mbonea kooni, na angelisema pale pale, kama asingemwona Nakijwa pichani. Ilikuwa picha ya siku ya mavuno, kilemba kimelala upande, anacheka jambo ambalo Mbonea hakulikumbuka tena. Akalimeza neno pamoja na uji.

*

Mchana wakaimba. Juu ya mlima mawingu yalikuwa yameshuka mpaka shingoni mwa Kidundu, lakini bondeni jua liliwaka, na wanaume wakasogeza viti kuufuata kivuli cha turubai.

Mbonea alikuwa na simu yake mkononi. Hakujua kwa nini aliifungua Ramani. Labda ni mazoea tu, jinsi mtu anavyogusa mfuko mtupu. Aliona doa lake jekundu. Na akaona, huko juu kwenye zahanati, msalaba mdogo mweupe ukianza kutembea.

Aliujua msalaba ule. Aliwahi kuwa ndani yake.

Ulishuka polepole, ukafuata kona baada ya kona. Kutoka zahanati mpaka njia panda ya kanisani ni mwendo wa kuimba wimbo mmoja mrefu, na wimbo ndio kwanza ulikuwa umeanza. Ungo ulikuwa pale, hatua chache kutoka miguuni pake. Auinue, azunguke jiko, ateremke kwenye migomba. Ramani ingechukua muda kidogo kubadilika, ila muda ulikuwapo.

Hakuinuka.

Mtu aliyekuwa kaketi karibu naye angedhani mzee amezama katika wimbo. Kumbe moyoni alikuwa anasema: acha. Acha lipinde. Acha apande mwingine, ikiwezekana mtoto wa mmoja wao, mpwa wa mkurugenzi, shangazi wa yule mzindua matangi. Mmoja akifa wanasema bahati mbaya. Wakifa wawili kwa namna ile ile, watasemaje? Watakuja. Watavua viatu. Alimwona kabisa bosi wa Mrutu amekunja magoti kwenye jamvi, tai imemning'inia juu ya ungo, na Eliwaza huko melini anasikiliza kila neno. Aliiona picha hiyo kwa utamu ambao hakuwa ameuonja tangu amzike mkewe.

Msalaba ukafika njia panda. Ukasimama. Ukapinda.

Wimbo ulikuwa kwenye ubeti wa mwisho wakati sauti ilipotoka ungoni. Msibani simu haziongei. Walio mbali hukaa kimya kama wageni wenye adabu. Kwa hiyo wote walishtuka.

"Mama? Mama, unanisikia? Hili gari limepinda."

Nambike alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Navo? Gari gani? Uko wapi?"

"Maji yamemwagika, mkunga akasema mtoto kakaa vibaya, akasema mjini... Mama, linapanda. Linaniambia asante kwa uvumilivu wako."

Hapo ndipo Mbonea alipoinuka. Aliukumbatia ungo mzima mzima, nyaya zikakatika zikirusha cheche, picha ya Nakijwa ikaanguka kifudifudi. Wanaume wakapiga kelele, mmoja akamshika shati, likachanika. Alikimbia. Alizunguka jiko akapita katikati ya masufuria, akaingia kwenye migomba, akaipitiliza mpaka tangawizini, anateleza, anainuka, ungo kaushikilia kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto motoni. Na sasa simu zote zilikuwa zinaongea.

"Kuna nini huko?"

"Mmetufukuza? Jamani, mbona mnatufukuza?"

"Mjomba! Mjomba Mbonea!"

"Baba!" Hiyo ilikuwa ya Eliwaza, na nyuma yake upepo wa bahari. "Baba, mama amefanywa nini?"

"Nyamaza!" alipiga kelele, anahema. "Nyamazeni wote!"

Chini kabisa ya shamba alianguka kwa magoti. Akatoa simu yake mfukoni kwa vidole vyenye tope. Doa jekundu lilikuwa linafifia. Likawa la chungwa. Likawa njano. Barabara ya Mvungwe ikawa kijani kutoka zahanati mpaka mjini, rangi ya matumaini kwa kila mtu ambaye hakuwa ameshapinda.

Msalaba uliendelea kupanda. Njia ya Kidundu haina mahali pa kugeuzia gari. Upande mmoja ni ukuta, upande wa pili ni hewa. Likishapanda, limepanda. Alikuwa analijua hilo. Aliutazama ukiingia kwenye mistari iliyobanana, ukaenda taratibu, ukaenda taratibu zaidi. Pale ambapo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ukasimama.

*

Wanaume wa msibani ndio waliopanda kwa miguu, na machela ya miti. Mbonea alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyeweza kumpita. Walilikuta gari limezama tope mpaka tumboni, taa zake za bluu zinazunguka kwa utulivu, na mkunga ndani amepiga magoti. Navoneiwa alikuwa hai. Walimteremsha upande wa pili wa mlima kwa zamu mpaka hospitali, na madaktari wakasema huyu atapona. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa humo humo garini, akalia mara moja, na hakulia tena.

Kesho yake asubuhi Mbonea alivuka ukuta kwenda kwa Nambike. Alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha jiko lake, kanga imemfunika kichwa, mikono haina kazi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ujirani kuiona ile mikono haina kazi. Mtoto alikuwa ndani, kwenye kitanda cha bibi yake, wanawake wawili wamekaa naye.

"Karibu, Baba Eliwaza," Nambike alisema bila kuinua macho. "Sina uji leo."

"Sikufuata uji."

"Nilikuona jana unakimbia na ungo. Watu walisema mzee kachanganyikiwa. Mimi nikawaambia hapana, ni uchungu wa mwanangu ndio umempanda kichwani. Hakuna mwingine angekimbia hivyo."

Mbonea alibaki kasimama uani na kofia mkononi.

"Wametuua hawa," akaendelea Nambike. "Wewe ulisema tangu mwanzo, tukakuona mtu wa maneno mengi. Wamekuua wewe, wameniua mimi. Saa nane watakuja, wamepiga simu, mkurugenzi mwenyewe anakuja na watu wake. Sasa nataka wewe ndiye uongee. Mimi nikifungua mdomo nitalia tu, watanipa leso na kuondoka. Wewe una maneno. Uwaambie mpaka wakose pa kuweka macho."

Hapo palikuwa na kila kitu alichokuwa akikitaka. Mkurugenzi anakuja. Atavua viatu. Na sehemu kubwa ya maneno ingekuwa kweli tupu, maana ni nani aliyeng'oa usukani, ni nani aliyekaa anajadili? Mbonea aliyapanga maneno hayo kichwani, yalikuwa mengi na yote makali. Alitafuta lililo mbele ya mengine, akakuta ni jingine kabisa.

"Yule kijana wa halmashauri," alisema, "hakuleta pole."

Nambike akainua macho.

"Alikuja kuniomba nihamishe ungo. Alisema Ramani inaona zile simu ni foleni, na magari yote yanapandishwa Kidundu. Alisema mvua imeanza. Nikakataa. Nilitaka bosi wake aje kwanza." Sauti ilikuwa inamtoka kavu. "Na gari nililiona, Mama Navoneiwa. Nililiona kwenye simu tangu linatoka zahanati. Sikujua ni Navo, lakini nilijua ni mtu. Nilikuwa na muda wa kuuinua ungo. Nikakaa."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Ndani, mmoja wa wale wanawake alikohoa.

Nambike alimtazama. Uso wake haukukunjamana, haukulia. Ulijifunga tu, kitu kimoja baada ya kingine, kama nyumba inayofungwa madirisha mtu akisafiri.

"Ulikunywa uji wangu," alisema, "ukaniambia kaleta pole."

"Ndiyo."

"Mkurugenzi akija nitaongea mwenyewe. Nitawaambia yao. Yako hayawahusu." Akaivuta kanga, akaegemea mhimili, akainuka kwa shida kama mtu aliyezeeka usiku mmoja. "Wazee wamesema kwa kuwa alilia, yeye ni mtu. Anachimbiwa kaburi na wanaume, siyo kufukiwa na wanawake kimya kimya. Vijana walitaka kuja kuchimba. Nitawarudisha."

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, chini ya kahawa, ambako udongo ulikuwa bado mkavu.

"Jembe liko pale ukutani. Ni kaburi dogo, litakutosha peke yako."

Akaingia ndani. Mbonea akavaa kofia yake, akachukua jembe.